Kiarabu cha Kila Siku kwa Anayejua Kiswahili: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wanaoniuliza maswali haya ni wa aina tatu: wanaosubiri viza ya kwenda kazini Ghuba, waliosoma chuo cha Qur’ani utotoni na sasa wanataka kuelewa kilichokuwa kinasomwa, na walioolewa au kuoa Maskati na wamechoka kutabasamu tu mezani kwa wakwe. Nimewajibu wote pamoja.

Neno moja kuhusu maandishi. Kiarabu nimekiandika kwa herufi tulizozoea, irabu ndefu nimeiandika mara mbili (aa, ii, uu), na alama ’ ni ’ain au hamza, ule mkato mfupi wa sauti kooni. Penye hatari ya kukosea nimeweka na herufi zenyewe za Kiarabu.

Nimesikia nusu ya Kiswahili ni Kiarabu. Kwa hiyo nusu ya kazi imekwisha?

Nusu hapana. Mifupa ya Kiswahili ni ya Kibantu: ngeli, vitenzi, namna ya kuunga sentensi. Lakini maneno tuliyoyachukua kwa Waarabu ni mengi, na mengi ni ya nyumbani na sokoni, yale yale anayoyahitaji mwanafunzi wiki ya kwanza. Kitabu, kalamu, daftari, sanduku, sabuni, sukari, samaki, kahawa, dawa, soko, duka, saa, dakika, hatari, baridi. Kata irabu ya mwisho na uko karibu kufika: kitaab, qalam, daftar, sunduuq, saabuun, sukkar, samak, qahwa, dawaa’, suuq, dukkaan.

Ugumu unaanza ukitaka wingi. Sisi tulipoliona “kitabu” tuliona ki- ya “kiti”, tukapata “vitabu”. Mwarabu hana habari hiyo. Kwake kitaab moja ni kitaab, mbili ni kitaabayn, tatu na kuendelea ni kutub. Wingi wa Kiarabu mara nyingi unavunja neno tumboni badala ya kuongeza kitu mwanzoni au mwishoni, kwa hiyo tangu siku ya kwanza andika umoja na wingi pamoja: kitaab – kutub, qalam – aqlaam, sunduuq – sanaadiiq. Usiseme utarudi baadaye. Hakuna anayerudi.

Basi nikikosa neno naweza kusema la Kiswahili lenye asili ya Kiarabu, nieleweke?

Hapa ndipo ninapokaa sana na wanafunzi wangu. Maneno haya yameishi kwetu karne nyingi na yamebadilika tabia, na wakati huohuo Kiarabu nacho hakikusimama. Kinachomwangusha msemaji wa Kiswahili si neno asilolijua. Ni lile analodhani analijua.

Chukua *tafadhali*. Kwetu ni neno la anayeomba. Kwa Waarabu, *tafaddal* (تفضل) ni neno la anayetoa: karibu ndani, chukua, kaa, tangulia, anza kula. Ukienda mgahawani ukamwambia mhudumu “tafaddal, shaay”, umemkaribisha chai yako mwenyewe. Ukitaka kuomba, sema *min fadlak* au *law samaht* (kwa mwanamke: *min fadlik*, *law samahti*). Mzizi wa tafaddal na fadlak ni ule ule wa “fadhila”, ndiyo maana masikio yetu yanadanganyika.

*Karibu* nayo: *qariib* maana yake ni karibu kwa umbali, au ndugu wa damu. Mgeni anakaribishwa kwa *ahlan wa sahlan*, au *marhaban*.

*Rahisi*. Kwetu ni kitu cha bei nafuu na pia kitu kisicho kigumu. *Rakhiis* ni bei tu. Ukimwambia mwalimu kwamba somo lake ni rakhiis, umemtukana. Kisicho kigumu ni *sahl*.

*Bei*. Neno *bay’* ni tendo la kuuza. Kuuliza bei, sema *bi kam?* (بكم), basi. Bei yenyewe ni *si’r*.

*Haraka* kwa Kiarabu ni mwendo, mtikisiko. Ukitaka mtu afanye hima, sema *bi sur’a*, au lile la mtaani, *yalla*.

*Ghorofa*. *Ghurfa* ni chumba, hata kiwe chini kabisa. Mfanyakazi anayeambiwa asafishe ghurfa asipande ngazi kutafuta ghorofa.

*Sayari* inazunguka jua, lakini *sayyaara* ni gari. *Ratiba* ni mpango wa kazi, lakini *raatib* ni mshahara, na hilo usilisahau. *Madrasa* ni shule yoyote, hata ya hisabati na kemia. *Madhubuti* kwetu ni imara, lakini *madbuut* ni “sawasawa, hivyo hivyo”. Misri, ambako hulitamka mazbuut, ukiagiza kahawa kwa neno hilo unaletewa yenye sukari ya kiasi.

Na *rafiki*. Kiarabu cha vitabuni *rafiiq* ni mwenzako wa safari, neno zuri. Ghuba ya leo, “yaa rafiiq” ndiyo sauti ya kumwita kibarua mgeni ambaye jina lake hakuna aliyejali kuliuliza. Usimwite mtu hivyo. Sema *yaa akhii*, ndugu yangu, au *ukhtii*, dada yangu.

Kiarabu kipi nijifunze? Kuna cha vitabuni, cha Misri, cha Oman…

Unapokwenda ndiko kunakoamua. Fus-ha, yaani Kiarabu cha vitabuni, ni ya habari, vitabu, mikataba na hotuba. Hakuna anayeitumia kununulia nyanya. Kila nchi ina lahaja yake, na tofauti si ya lafudhi tu. Angalia neno moja, “nataka”: kitabuni *uriid*, Misri *’aayiz* (mwanamke *’aayza*), Sham (Syria, Lebanon, Jordan na Palestina) *biddii*, Saudia *abgha*. Na “nini”: *maadhaa* kitabuni, *eeh* Misri, *shuu* Sham, *eesh* sehemu nyingi za Saudia, *muu* Oman.

Anayekwenda kazini ashike lahaja ya huko na asome herufi. Anayetaka dini au chuo kikuu aanze na fus-ha, kisha aokote lahaja moja. Kuchanganya lahaja tatu kwa mkupuo kupitia video za simu ndiyo njia ya kuongea Kiarabu kisicho cha mtu yeyote.

Oman kuna jambo jingine. Familia nyingi zilizotoka Zanzibar baada ya 1964, na waliorudi kwa wingi Sultan Qaboos alipoingia madarakani 1970, bado wanazungumza Kiswahili nyumbani. Utaanza Kiarabu chako kwa taabu dukani, na mwenye duka atakujibu “wewe mtu wa wapi?” Ni raha, lakini kwa mwanafunzi ni hasara. Mwombe akusemeshe Kiarabu.

Siku ya kwanza kabisa nishike maneno gani?

Salamu unazo tayari: *as-salaamu ’alaykum*. *Sabaah al-khayr* na *masaa’ al-khayr* ndizo sabalkheri na masalkheri zetu, ila jibu lake ni *sabaah an-nuur*, *masaa’ an-nuur*. *Kayf haalak?* ni “u hali gani”, na jibu ni *al-hamdu lillaah*, hata kama kichwa kinauma. Shukrani ni *shukran*. “Ndiyo” ni *na’am* (naam yetu) au *aywa*, na ndiyo hiyo “ewaa” ya bibi zetu. “Hapana” ni *laa*, ile la ya vitabu vya zamani.

Kisha maneno ya kujiokoa, ambayo mimi nayathamini kuliko salamu. *Maa fhimt*, sikufahamu. *Marra thaaniya*, mara ya pili, yaani rudia. *Shway shway*, pole pole. *Mumkin*, inawezekana, ndugu wa “yamkini” yetu, na ndilo funguo ya kila kitu: *mumkin maay?* ni “naomba maji” kwa watu wa Ghuba. *Fii* ni “kuna”, *maa fii* ni “hakuna”. *Bass* ni basi, imetosha. *Khalaas*, imekwisha.

Kahawa ya Ghuba inakunywewa katika *finjaan* ndogo, na mwenyeji ataendelea kumimina mpaka uchoke. Neno huhitaji. Tikisa finjani kidogo unapoirudisha, ataelewa umetosheka.

Tarakimu nazijua: sita, saba, tisa. Zilizobaki?

Waahid, ithnayn, thalaatha, arba’a, khamsa, sitta, sab’a, thamaaniya, tis’a, ’ashara. Makumi unayo yote kuanzia ishirini: *’ishriin, thalaathiin, arba’iin, khamsiin, sittiin, sab’iin, thamaaniin, tis’iin*. *Mi’a* ni mia, *alf* ni elfu. Wazee wa pwani walisema “thenashara” kwa kumi na mbili na “miteni” kwa mia mbili. Ukimpata mzee kama huyo, muda wake ni wa thamani kuliko programu ya simu, maana *ithnaa ’ashar* na *mi’atayn* anazo mdomoni.

Mtego upo kwenye mpangilio. Sisi tunasema ishirini na tano, Mwarabu anasema tano na ishirini: *khamsa wa ’ishriin*. Sokoni mtu akisema haraka, sikio linashika “ishirini” ya mwisho na mkono unatoa noti pungufu.

Kisha kuna tarakimu za maandishi: ٠ ١ ٢ ٣ ٤ ٥ ٦ ٧ ٨ ٩. Nukta ni sifuri. Duara, ambalo macho yetu yanalisoma sifuri, ni tano. Na ٦, inayofanana na saba yetu, ni sita. Maneno yanaandikwa kutoka kulia, lakini tarakimu zinasomwa kutoka kushoto kama kawaida: ٢٥ ni 25. Morocco, Algeria na Tunisia wanatumia hizi hizi zetu, kwa hiyo huko pumzika.

Riali ya Oman ina baisa 1,000, ya Saudia ina halala 100, dirhamu ya Emirati ina fulusi 100. Baisa na pesa ni neno moja lililotoka Bara Hindi likashukia pande mbili za bahari.

Saa na siku mbona zinanichanganya?

Kwa sababu zimekuja kwetu zikabaki na hesabu nyingine. Waarabu wa leo wanahesabu saa kutoka usiku wa manane na adhuhuri. Ukiambiwa *as-saa’a sab’a*, kichwa kinakimbilia saa saba mchana, kumbe ni saa moja. Mwanafunzi wangu mmoja alifika kwenye usaili saa sita nzima baada ya wenzake, amevaa vizuri, na barua mkononi. Ongeza au punguza sita, kila mara, mpaka izoeleke. Nusu ni *nuss*, robo ni *rub’*, na kasorobo ni *illaa rub’*, “ila robo”. *As-saa’a thalaatha illaa rub’* ni saa nane na dakika arobaini na tano kwetu.

Siku: sisi tunahesabu kutoka Jumamosi, wao kutoka Jumapili. Kwa hiyo toa moja. Jumapili ni *al-ahad* (ya kwanza), Jumatatu *al-ithnayn* (ya pili), Jumanne *ath-thulaathaa’* (ya tatu), Jumatano *al-arbi’aa’* (ya nne). *Al-khamiis*, ya tano, ndiyo Alhamisi yetu, na matokeo yake Kiswahili kina siku mbili za “tano” zinazofuatana, moja ya Kibantu na moja ya Kiarabu. Ijumaa *al-jum’a*, Jumamosi *as-sabt*.

Qur’ani naisoma bila kukwama, lakini Mwarabu akiniambia nikae sielewi. Nina tatizo gani?

Huna tatizo. Ulifundishwa kusoma, hukufundishwa kusema, na hayo ni mambo mawili. Tena umetangulia mbali: herufi 28 unazijua, na makhraji, yaani mahali kila sauti inapotokea, ulichapiwa. Mwenzako anayeanza leo atakesha miezi na ع na ض.

Kinachokosekana ni kuunganisha. Maneno uliyoyahifadhi yako hai mtaani: *maa’* (maji), *khubz* (mkate), *bayt* (nyumba), *yawm* (siku), *kabiir* (kubwa). “Kaa” yenyewe ni *ijlis*. Andika mwenyewe orodha ya maneno unayoyajua kutoka sura fupi, uone ni mangapi unaweza kuyatumia jikoni. Na ukisikia *istariih*, unaambiwa keti upumzike. Ni “starehe” ile ile anayokwambia mkubwa ukimwinukia.

Matamshi yana umuhimu gani? Si wataelewa tu?

Wakati mwingine wataelewa, wakati mwingine watacheka. Kiswahili kimetupa *th, dh, gh*, ambazo wanafunzi wengi wa mataifa mengine hawana. Lakini kimeunganisha sauti ambazo Kiarabu kinazitenga. *Qalb* (قلب) ni moyo, *kalb* (كلب) ni mbwa, na anayetaka kumwambia mchumba “moyo wangu” awe mwangalifu. *Suura* (صورة) kwa ص ni picha, *suura* (سورة) kwa س ni ya Qur’ani, na sisi zote tunaziita sura.

Urefu wa irabu ndio unaosahauliwa zaidi. *Matar* (مطر) ni mvua, *mataar* (مطار) ni uwanja wa ndege. Mwambie dereva wa teksi “matar” naye atachungulia mawingu.

Usishangae pia ق ikibadilika. Kahawa ni *qahwa* kitabuni, *gahwa* sehemu kubwa ya Ghuba, na *’ahwa* Cairo.

Kwa nini nasahihishwa hata ninaposema maneno sahihi?

Huenda umemsemesha mwanaume kama mwanamke. Kiswahili hakijali, Kiarabu kinajali kila hatua. Mwanaume: *kayf haalak*, *inta*, *ta’aal* (njoo). Mwanamke: *kayf haalik*, *inti*, *ta’aalii*. Oman utasikia *haalish* kwa mwanamke. Na wewe mwenyewe unajieleza kwa jinsia yako: mwanaume amechoka, *ana ta’baan*, mwanamke *ana ta’baana*. Kijana anayejifunza kwa kumwiga mwalimu wa kike kwenye simu anaweza kutembea mwezi mzima akijiita ta’baana.

Upande wa jamaa, hata hivyo, tuna nafuu. Baba mdogo na mjomba si mtu mmoja kwetu, wala kwao: *’amm* ni ndugu wa baba (ami ya pwani), *khaal* ni mjomba. *’Amma* ni shangazi, *khaala* ni mama mdogo au mkubwa.

Nakwenda kazi ya nyumbani Ghuba. Niongeze maneno gani?

Jikoni ni *matbakh*, sahani *sahn*, ufagio *miknasa*, jokofu *thallaaja* (mzizi wa theluji), mashine ya kufulia *ghassaala*, kiyoyozi *mukayyif*. Dirisha vitabuni ni *naafidha*, lakini Ghuba wanasema *diriisha*, hivyo hivyo, nasi sote tumelitoa Uajemi. Choo ni *hammaam*, na jina la mtaa wa Hamamni pale Mji Mkongwe lina neno hilo ndani. Safi ni *nadhiif*. Ukiagizwa kitu, jibu *haadir*, yaani naam, nimesikia. Nyumba nyingi wenyeji huitwa “baba” na “mama” na wafanyakazi. Usilichukulie kuwa umekuwa mtoto wao.

Ambayo watu hawafundishwi ni haya, nami nasisitiza uyaandike kwenye karatasi, si kwenye simu peke yake: *’aqd* (عقد) mkataba, kama akdi ya ndoa, *raatib* (راتب) mshahara, *jawaaz* (جواز) pasipoti, *iqaama* (إقامة) kibali cha ukaazi, *kafiil* (كفيل) mdhamini, *ijaaza* (إجازة) likizo, *sifaara* (سفارة) ubalozi, *shurta* (شرطة) polisi. Na sentensi mbili: *wayn jawaazii?* pasipoti yangu iko wapi, na *abgha raatibii*, nataka mshahara wangu. *Saa’iduunii* ni “nisaidieni”. Neno unalo, kazi ni kulivuta tu.

Nikiugua?

*Ana mariida* (mwanaume *mariid*), kutoka maradhi. *Raasii yuuji’nii*, kichwa kinaniuma. *Batnii yuuji’nii*, tumbo. Homa ni *haraara*, joto. Hospitali *mustashfa*, duka la dawa *saydaliyya*, daktari *tabiib* kwa mwanaume na *tabiiba* kwa mwanamke, na mtaani *duktoor* na *duktoora*. Kuonyesha kwa kidole kunaruhusiwa.

Kuna neno la heshima ambalo linaweza kunigeuka?

Lipo moja ninalolipenda kulisimulia. Sham na Ghuba, mtu akiwa kazini unamwambia *ya’tiik al-’aafiya*, Mungu akupe afya, naye anajibu *Allah yi’aafiik*. Ni tamu, na linafungua milango. Ukiwa Morocco usiliseme: huko *al-’aafiya* ni moto, na utakuwa umemwombea fundi wa watu aungue.

Rafiki yangu ananiandikia “7abibi” na “3arabi”. Tarakimu za nini?

Ni Kiarabu cha simu, kilichozaliwa enzi simu hazikuwa na herufi zao. Tarakimu inasimama badala ya herufi, mara nyingi inayofanana nayo: 7 ni ح, 3 ni ع, 2 ni hamza, 5 ni خ. Kwa hiyo *7abibi* ni habiibii, *3arabi* ni ’arabii, *5alas* ni khalaas. Ukiandikiwa *wenak?* unaulizwa uko wapi, na ukichelewa kujibu itafuata *yalla* yenye a kumi na mbili.